Koleo Jekundu la Bwana Meno

Nianze na mkono wake, kwa sababu ndicho kitu pekee ninachoweza kumsifia bila kukunja uso. Bwana Meno alikuwa na mkono mwepesi. Ukikaa kwenye kiti chake na gego limeoza mpaka kwenye mzizi, alikuuliza habari za nyumbani, na ukiwa bado unataja watoto wako mmoja mmoja, jino lilikuwa limeshagonga bakuli. Watu walitoka Ivuna na Iyula, wakapita vituo vingine njiani, ili waje kwake Tunduma. Hilo nalikubali. Mengine niliyonayo juu yake ni hasira, na sina mpango wa kuificha.

Mimi nilikuwa mwalimu wa kike wa shule ya msingi, yeye tabibu wa meno wa kituo cha afya, na nyumba zetu za serikali zilitenganishwa na ukuta mwembamba kiasi kwamba nilijua kila alipopiga mswaki. Alipiga sana. Mji ulikuwa na Bwana Shamba na Bwana Afya, kwa hiyo yeye akawa Bwana Meno, na jina lake la kubatizwa likabaki kwenye karatasi za mshahara. Hata mkewe alimwita hivyo, tena mbele ya wageni.

Alikuwa na msemo wake mmoja. "Mimi sitibu mtu," alisema, "natibu jino." Aliusema kanisani, sokoni, kwenye misiba. Watu walicheka, nami nilicheka nao kwa miaka mingi, nikidhani ni utani. Haukuwa utani. Yule bwana alikuwa anatueleza ukweli wake bila kificho, sisi tukampigia makofi.

Sitaki mtu aseme nimemnyima haki, kwa hiyo niseme na la watoto. Watoto aliwapenda. Mwanangu wa pili alianguka kwenye ngazi za shule akavunja jino la mbele, damu imejaa kwenye shati, na Bwana Meno aliacha ugali wake mezani akaja mbio na ndala mguuni. Alimkalisha mtoto mapajani, akamwambia amtajie majina ya mbuzi wote wa babu yake, na mbuzi walipokwisha, kipande cha jino kilikuwa kimeshatoka. Mwanangu alilia baadaye, tena kwa sababu kulikuwa na mbuzi mmoja aliyesahau kumtaja. Mtu aliyeweza kufanya hivyo angeweza kufanya na mengine. Ndiyo maana simsamehe kirahisi.

Kisha ukaja Ukimwi. Naandika kana kwamba ulibisha hodi, lakini Tunduma haukubisha. Malori yalikuwa yanalala pale mpakani siku kwa siku yakisubiri karatasi za forodha, madereva wana fedha na hawana kazi, na upande wa pili, Nakonde ya Zambia, vivyo hivyo. Ilifika wakati tukawa tunazika Jumamosi na Jumapili, na katikati ya juma tunauliza nani anaumwa. Hatukusema jina la ugonjwa. Tulisema fulani amekanyaga miwaya, tukaangalia pembeni.

Bwana Meno aliogopa. Si kosa kuogopa. Mimi mwenyewe niliogopa kugusa chaki iliyoshikwa na mtoto mwenye kidonda. Yeye kazi yake ilikuwa mikono ndani ya damu na mate tangu asubuhi. Wakamwita semina Mbeya, akaenda na suti ya kahawia, akarudi na boksi la glavu na maelekezo ambayo alinisomea mwenyewe kando ya ukuta wetu, kwa sauti ya mzee wa kanisa anayesoma waraka. Maelekezo yalikuwa mepesi. Usimchague mgonjwa. Kila mdomo unaoufungua, uhesabu kuwa una virusi; vaa glavu kwa kila mtu, chemsha vyombo kwa kila mtu.

"Sasa Mwalimu," akasema, "hawa wa Mbeya wamewahi kununua mafuta ya taa?"

Hapo alikuwa na hoja. Jiko la kituo lilikuwa moja, mafuta ya taa yalikuja yakipenda, na glavu zilikuwa zinaoshwa na kuanikwa kwenye kamba kama soksi. Mtu mwingine angekwenda kwa mganga mfawidhi wa kituo, agombane, aombe kuni, aombe mkaa, awaambie wagonjwa waje na kuni kama walivyoambiwa wajawazito waje na pamba. Bwana Meno hakugombana na mtu. Aliingia chumbani, akachukua rangi ya kucha ya mkewe, nyekundu, akapaka mpini wa koleo moja, na mpini wa chombo kidogo cha kukwangulia fizi, na kingo za bakuli moja la bati. Hivyo, akanieleza kwa furaha, ndivyo vyombo vya wanaotiliwa wasiwasi. Vingine ni vya wazima.

"Utawajuaje?" nikamuuliza.

"Nitawaona."

Na kweli akawa anawaona. Aliangalia mifupa ya shingo. Aliangalia nywele kama zimelainika, na midomo kama imekuwa myekundu. Mwembamba, koleo jekundu. Mnene, koleo la kawaida, hilo lililofutwa kwa pamba yenye spiriti na kurudishwa kwenye trei. Nawaomba mfikirie ni watu gani walikuwa wanafika pale. Wachota chumvi wa Ivuna, waliokaushwa na jua na midomo imepasuka kwa magadi: jekundu. Wafugaji wa bondeni Momba, warefu, wakavu, wametembea na ng'ombe tangu utoto: jekundu. Wakulima wa Iyula baada ya kuuza kahawa, mashavu yamejaa: kawaida. Na madereva wa malori, wenye vitambi vya nyama choma na bia, ambao kila mtu mjini alijua wanalala wapi na nani, hao aliwaita "baba" na "mzee", akawaingiza vidole mdomoni bila glavu ili asiwaudhi.

Kile kiti nacho alikihamisha. Semina ilikuwa imemwambia chumba kipitishe hewa, naye akaelewa kuwa pumzi ya mgonjwa ni kitu cha kufukuzwa na upepo. Akakiburuta kiti mpaka mlangoni kabisa, mgonjwa anatazama nje, na nje kuna benchi la wanaosubiri. Kwa hiyo kila aliyeng'olewa jino alikuwa kama yuko jukwaani. Benchi zima liliona mkono wa Bwana Meno unakwenda kwenye trei ipi. Jioni sokoni ungesikia, "Fulani leo kawekewa jekundu," na fulani alikuwa amekwisha. Watu wakaanza kuvumilia. Niliwaona watu wazima wakitafuna karafuu na tumbaku, shavu limevimba kama wameficha limau, wakaapa kuwa jino limeshapoa.

Kanisani alikuwa hivyo hivyo. Alikuwa wa kwanza kukataa kikombe kimoja cha meza ya Bwana. Wazee wengine walipobishana naye, alikuja na kikombe chake mwenyewe, kimefungwa kwenye leso, akakitoa mfukoni mbele ya mchungaji na kukinyoosha. Mchungaji alimmiminia. Angefanya nini? Miaka miwili baadaye kila mtu alikuwa na kikombe chake kidogo, na Bwana Meno akatembea kifua mbele kama aliyeleta wokovu wilayani.

Mtu mmoja tu alimweza. Alikuwa mama wa Nakonde, mfanyabiashara wa vitenge, mnene kiasi kwamba kiti kilipiga kelele alipokaa. Nilikuwa nimempeleka mwanafunzi siku hiyo, niliona kwa macho yangu. Bwana Meno alimwamkia kwa heshima zote, akanyoosha mkono kwenye trei ya kawaida.

"Awe, mukwai," yule mama akasema. Hapana, bwana. "Nipe lile jekundu."

"Mama, lile si lako. Lile ni la watu wengine."

"Ba dokota, mimi nimekaa pale kwenye benchi tangu asubuhi. Lile jekundu nimeliona linatoka kwenye maji ya moto mara tatu. Hili lingine nimeliona linatoka mdomoni kwa yule dereva. Nipe jekundu."

Benchi likaelewa. Sijawahi kuona darasa langu likielewa kitu kwa kasi ile. Koleo pekee lililochemshwa vizuri katika kituo kile lilikuwa lile la kutuaibishia, na wale waheshimiwa wenye vitambi walikuwa wanapokezana damu kwa pamba ya spiriti. Mama wa vitenge aling'olewa kwa jekundu, akasema natotela, asante, akatema mate, akaondoka zake kuvuka mpaka.

Mtu mwenye akili angeshukuru kwa somo la bure. Nilimfuata jioni kwake nikamwambia, kwa upole ambao sasa nausikitikia, achemshe vyote, na kuni zitaletwa na wazazi wa shule. Alinitazama kama niliyemkosea adabu. Siku chache zilizofuata kila aliyekaa kile kiti alikuwa anataka jekundu, naye alikuwa anawafokea: "Jekundu ni la wanaostahili!" Baadaye watu walichoka, uvumi ukashinda akili kama kawaida yake, na jekundu likarudi kuwa hukumu.

Sasa niseme la mdogo wangu Roza, maana bila yeye haya yote yangebaki vichekesho vya mjini.

Roza alikuwa mama lishe. Alikuwa na banda la mabati pale yalipokuwa yanaegeshwa malori, na banda lile alilijenga kwa miaka, bati kwa bati, baada ya mumewe kumwacha na mtoto mdogo. Ugali wake ulikuwa laini, samaki wa Rukwa aliwakaanga mpaka miiba inatafunika, na madereva kutoka Dar mpaka Lusaka walijua kuwa ukifika Tunduma unauliza kwa Dada Roza. Alikuwa ameshaanza kuchoma matofali ya kujengea mgahawa wenye kuta. Alikuwa mwembamba. Familia yetu yote ni watu wembamba. Mama yetu alizikwa akiwa na shingo kama ya korongo na umri wa bibi.

Gego lake la chini lilianza kumsumbua wakati wa masika. Alivumilia, kwa sababu alilijua benchi. Nami nilijua kwamba jino lililooza mpaka usaha haliondoki kwa karafuu. Uvimbe wa shavu uliposhuka mpaka shingoni na akawa hawezi kumeza hata uji, nilimshika mkono tukaenda. Kwanza nilipita dirishani kwa Bwana Meno nikamwomba kama jirani, kama mtu ambaye mkewe anakopa chumvi kwangu: amtoe Roza jino, ila afunge mlango.

"Mwalimu, utaratibu ni utaratibu," akasema. "Nikifunga kwa dada yako, wengine watauliza kwa nini."

"Basi funga kwa wote."

"Na hewa?"

Roza akakaa. Benchi lilikuwa na wateja wake wawili, utingo wa lori na mama muuza mchele kutoka mji jirani wa Mpemba. Bwana Meno hakuuliza habari za nyumbani. Aliangalia shingo ya mdogo wangu, mifupa ile ya mama yetu, na mkono wake ukaenda pale nilipojua utakwenda.

Roza akamshika mkono. Alizungumza kwa shida, taya haifunguki. "Kaka, nakuomba. Mimi nalisha watu. Ukining'oa kwa hilo, hakuna atakayekula kwangu tena. Ufunge mlango tu."

Bwana Meno akautoa mkono wake polepole, akavua glavu aliyoshikwa, akavaa nyingine. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mimi sitibu mtu, dada. Natibu jino. Fungua mdomo."

Roza alifungua. Angefanya nini, na usaha unamshuka shingoni? Jino lilitoka kwa mvuto mmoja, zima, na mizizi yake yote. Nasema tena, mkono alikuwa nao.

Banda la Roza halikupigwa mawe wala halikuchomwa. Watu walikuwa na adabu. Walipita tu. Walimsalimia vizuri, wakauliza habari za shavu, wakaenda kula kwa jirani. Mteja mmoja wa zamani aliendelea kuja, lakini alikuja na sahani yake na kijiko chake, na Roza alimpakulia, kisha akaingia nyuma ya banda akalia mpaka nikasikia nikiwa barabarani. Masika hayakuwa yameisha alipouza mabati. Matofali yake aliyanunua jirani yule yule, nayo yako kwenye ukuta wa mgahawa mpaka leo. Roza akachukua mtoto wake na masufuria akapanda kwenda Iyula, ambako hakuna aliyemjua, kupikia vibarua wa kahawa.

Miaka baadaye vilipokuja vyumba vya ushauri nasaha, na kupima kukawa kitu cha kwenda na kurudi, Roza alikwenda kupima. Sitaandika hapa majibu yake. Anayeyataka ili aamue kama mdogo wangu alionewa au hakuonewa, huyo angekaa vizuri sana kwenye lile benchi.

Bwana Meno alistaafu kwa heshima. Nilihudhuria sherehe, kwa sababu shule ilialikwa na kwaya ya wanafunzi wangu ndiyo iliyoimba. Kulikuwa na mbuzi, kulikuwa na soda, kulikuwa na mgeni rasmi aliyesema kuwa katika kipindi kigumu cha janga, idara ya meno ilibuni njia zake za kuendelea kutoa huduma. Bwana Meno akasimama, amenyoa ndevu, suti ile ile ya kahawia, akasema kwamba katika miaka yote ile hakumkataa mgonjwa hata mmoja. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Kinachoniuma ni kuwa hakusema uongo. Hakumkataa mtu. Aliwatoa meno wote, matajiri na maskini, na baadhi yao aliwatoa na riziki yao katika mvuto huo huo.

Nilimwona mara ya mwisho Iyula, likizo ya mwezi wa sita, nikiwa nimekwenda kumtembelea Roza. Ilimchukua muda mrefu kufika alipofika: mgahawa mdogo karibu na mahali wanapopimia kahawa, meza chache, mapazia aliyoshona mwenyewe, binti yake akimsaidia kupakua. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango wa jikoni ninachambua mchele, nikaona mzee anaingia akijishikilia kwenye fimbo. Alikuwa amekuja kuangalia kishamba alichonunua kwa kiinua mgongo. Alinifahamu mara moja, akanifurahia, akaniita Mwalimu mpaka watu wakageuka. Roza hakumfahamu. Alimtazama usoni alipoleta chakula, akasema karibu, na mzee akasema asante mama.

Akala. Alikula kwa raha, anatafuna upande mmoja, anafuta mchuzi kwa tonge, anamsifia mpishi kwa kila aliyekaa karibu. Kisha akamwita Roza.

"Mama, chakula chako ni cha mjini kabisa. Mbona umejificha huku? Mkono kama huu ungekwenda Tunduma, pale penye malori. Ungetajirika."

Nilisimama, mchele ukamwagika. Nilikuwa nimeandaa maneno kwa miaka, mengine nilikuwa nimeyasema peke yangu nikisahihisha madaftari, lakini Roza, aliyekuwa ameshaitambua sauti ile, aliniwahi.

"Nilikuwa huko, dokta," akasema. "Nilikuwa na banda pale pale kwenye malori. Mwalimu ni dada yangu."

Mzee akanitazama mimi, akamtazama yeye, akaiangalia shingo yake. Nikaona inamjia. Ilikuja polepole, kwanza machoni, halafu mdomo ukaacha kutafuna. Nikasubiri. Nakiri nilisubiri kwa tamaa, kama mtoto anayesubiri mwenzake aadhibiwe. Nilitaka aseme neno moja tu, hata pole, hata nilikuwa naogopa. Ningempokea na hilo la kuogopa, Mungu anajua.

"Gego la chini," akasema. "Upande wa kushoto. Lilikuwa na usaha."

"Ndilo."

Akainamisha kichwa kidogo, kisha akakiinua, na uso wake ulikuwa na ile furaha ya zamani ya fundi. "Lakini lilitoka vizuri, au siyo? Halikukatikia ndani?"

Vibarua wa kahawa walikuwa wanatutazama, vijiko mkononi, bila kujua wanatazama nini.

"Lilitoka vizuri," Roza akasema.

Kisha akainua sahani iliyokuwa mbele ya mzee, ugali nusu na samaki hajageuzwa upande wa pili, akaenda nayo jikoni. Bwana Meno alibaki na mikono yake juu ya meza, ameinyoosha kwa utulivu, akidhani anaongezewa.